Ombi la Kumwondoa Daktari Aliyetuharibia Malaria

Bagara, Babati
Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Kamanda wa Kikosi,

YAH: KUOMBA DAKTARI WA KAMBI AHAMISHWE

Kwa heshima inayostahili cheo chako, mimi Scholastica, mwalimu wa hisabati na mke wa Sajenti Ludovick wa kikosi chako, nalalamika dhidi ya Kapteni Coletha, daktari aliyeletwa kwenu miezi miwili iliyopita. Ameharibu utaratibu uliotuchukua miaka tisa kuujenga.

1. Kabla yake, mume wangu alikuwa na malaria. Daftari la zahanati ya kambi linaonyesha kuwa ameugua mara kumi na moja tangu Januari, kila mara siku ya Jumatatu. Niliridhika: mbu wa Babati huuma Jumapili tu, tena humwacha mke anayelala naye chandarua kimoja. Kapteni Coletha akampima damu, asikute kijidudu hata kimoja. Adabu ilimtaka anyamaze. Yeye aliandika "pombe".

2. Gwaride. Ludovick akiamka vibaya husimamishwa safu ya kati, Koplo Konstantini kushoto, Koplo Damasi kulia, mabega yamebanana ili asiyumbe. Mnauita udugu wa kijeshi. Daktari alimwomba apige hatua tatu mbele, peke yake. Ya pili ilitosha.

3. Anauliza maswali. Unakunywa siku ngapi kwa wiki? Asubuhi unahitaji kidogo ili mikono itulie? Kuna mtu wa nyumbani aliyekuomba upunguze? Huuliza kwa upole, bila kufoka, mlango umefungwa. Na katika mazingira hayo ya hila mume wangu alijibu kweli. Mimi nimeuliza hayo hayo miaka tisa, nikajibiwa kuwa ni uchovu.

4. Anadai ulevi ni ugonjwa unaotibika. Ninyi mlikuwa na tiba yenu: mwezi wa tatu mlimweka mahabusu siku tatu bila tone. Siku ya pili alianguka, akakakamaa, akauma ulimi. Mkaandika malaria kali. Leo daktari anasema mnywaji wa kiwango kile hakatishwi ghafla bila dawa na uangalizi, na kwamba angeweza kufa. Je, ni ungwana kumweleza mke jambo hilo, wakati alikwisha kuwashukuru kwa kumtunza mumewe?

5. Amemwondoa kwenye ulinzi wa ghala la silaha mpaka apate nafuu. Mtu ambaye mimi humfunga vifungo vya shati, kwa kuwa vidole vyake havitulii, alikuwa akishika bunduki zenu, na wakazi wa Bonga, majirani wa kambi, walilala salama kwa kutojua. Sasa wana sababu ya kulala salama. Hiyo ni dharau kwa imani yao.

Zaidi ya hayo, ameahidi kumrudisha kazini na cheo chake. Aibu ikiondolewa hivyo, askari wengine watajipeleka wenyewe zahanati, nanyi mtalazimika kujua idadi yao.

Kwa hoja hizo naomba daktari ahamishwe mara moja, malaria irejeshwe, na ghala la silaha akabidhiwe yeyote anayetetemeka vya kutosha. Adui akisikia funguo zinavyogongana atajua mlinzi yu macho.

Nisalimie maofisa wote, Sajenti Meja Teodori, wapishi wa mesi, na hao makoplo wawili, ambao mabega yao sasa yamepata likizo.

Nabaki katika subira niliyofunzwa na kikosi chako,

Scholastica (Mama Kindness)

N.B. Nilipokuwa nakunja barua hii Ludovick alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekwisha vaa. Hakunitazama. Aliniuliza, "Mama Kindness, daktari yupo lini tena?" Nimemwambia Jumatano, saa tatu asubuhi. Nakusihi, Kamanda, awepo.