Gia ya Tatu ya Shemeji Enock

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika, mimi nimeangukiwa na bahati. Enock kaingia gerejini kwangu hapa Mandewa na gari la michezo! Jekundu, milango miwili, fupi mpaka kuingia lazima ujikunje. Kalitoa Dodoma anakofanya kazi. Njiani likagoma kubadili gia. Limeng'ang'ania ya tatu tu, mlimani ya tatu, mteremkoni ya tatu, na taa ya gia inawaka kwenye dashibodi.

Enock ni kaka yake Selina. Selina nampenda, basi. Baba yao alishafariki, kwa hiyo posa inapita kwa Enock. Jumamosi anamuoa Ritha kule Ikungi, na hili ndilo gari la bibi harusi. Kasema wazi: likimfikisha Ritha kanisani, Jumapili nitume mshenga. Nikamjibu ahesabu limeshapona, shemeji. Akasema shemeji tuiache kwanza.

Kusema kweli mimi ni fundi wa pikipiki na pawatila za kulimia. Gia za otomatiki sijawahi kuzigusa. Lakini gia si gia tu!

Gabrieli, fundi wa ng'ambo ya barabara, kaja mbio na mashine yake, ile inayochomekwa chini ya usukani ikakusomea ugonjwa. Anataka niitumie bure. Bure! Mtu ambaye salamu zake kwa Selina haziishi! Nikamwambia mimi napima kwa sikio.

Jumanne, 8 Julai

Nimepima kwa sikio. Bisibisi ndefu, ncha kwenye giaboksi, mpini sikioni. Nimesikia moyo wangu.

Oili ipo, safi. Gabrieli kapita tena na tena akijifanya anatafuta spana. Mwisho kauliza kama nimeangalia plagi ya kompyuta ya gia, huenda imeshika kutu. Nani kamuuliza?

Nikaona hapa nitaibiwa sifa. Jioni nikalipeleka gari Utemini kwa mama mkubwa Evodia, kwenye stoo yake ya alizeti. Magunia mpaka darini, mlango wa bati, Gabrieli haoni kitu. Mama mkubwa kasisitiza paka wake alale humo kama kawaida. Kucha zile juu ya rangi ile? Paka nimemtoa mwenyewe kwa mikono yangu.

Jumatano, 9 Julai

Mimi ni mtu hatari! Nimeinua zulia, nimeikuta kompyuta ya gia, plagi yake ina ukungu wa kijani. Nimeisugua kwa mswaki. Nikawasha. Taa imezimika! Nikazunguka nalo uani: ya kwanza, ya pili, rivasi, laini kabisa. Ile habari ya plagi nilikuwa nimeifikiria kabla ya Gabrieli, ila sikuisema.

Selina alikuwepo, kaniletea chai. Kaona kila kitu. Kafurahi mpaka kapiga makofi, akataka ampigie kaka yake. Nikamzuia. Kazi ikiisha haraka hivi, Enock ataona ilikuwa ndogo, na mtu wa kazi ndogo hapewi dada wa mtu. Nitalikabidhi Ijumaa, nimechoka, nina oili usoni. Selina kasema kama limepona si niseme limepona. Wanawake hawajui biashara.

Zulia nimeliacha wazi, nyaya zote nje, ili Enock akitokea aone ukubwa wa mateso yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Panya!

Maganda ya alizeti kila mahali. Nyaya za kompyuta ya gia zimetafunwa, na humo humo kuna mama panya na familia. Nilitaka kuziunga kwa kufuata rangi. Rangi ndizo walizokula.

Nimeunga kwa kubahatisha. Taa zote zimewaka, hata nisizozijua. Mbele haliendi. Rivasi inakwenda kama siagi.

Selina kaja, kaangalia. Kisha kaniomba, Laurenti, tumwite Gabrieli na mashine yake, muda bado upo. Nikamwambia gari linazoea tu. Enock kapiga simu. Nimemwambia limetulia.

Jumamosi, 12 Julai

Tumelipeleka Ikungi juu ya Fuso la vitunguu. Watu nimewaambia naogopa vumbi.

Kwao Ritha nikaligeuza matako mbele, nikamkaribisha bibi harusi, tukaondoka kinyumenyume. Shingo yangu! Nikatangaza kwamba mjini ndiyo staili, bibi harusi anawaaga nyumbani mpaka mwisho. Vigelegele! Watu wakakubali! Shida ni matarumbeta. Yalikuwa nyuma yetu kwenye pikapu, kwa hiyo yakawa uso kwa uso na Ritha, na yule wa tarumbeta kubwa alikuwa akimpulizia shela kioo kikiwa wazi.

Tungefika. Ila shangazi yake Ritha, Mama Pendo, kasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Kauliza tangu lini binti yao anapelekwa kwa mume huku anaangalia kwao, kama anayerudishwa. Kamtoa Ritha garini. Wakaenda kanisani kwa miguu, shela imeshikwa na wanawake wanne, matarumbeta nyuma, mimi nyuma ya matarumbeta, narivasi.

Enock hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumapili, 13 Julai

Mshenga wangu, mjomba Nathanaeli, kaenda hivyo hivyo. Nilimfundisha aseme kwamba nyaya ziliharibiwa na wivu wa Gabrieli.

Karudi mapema mno. Anasema Enock alikuwa anacheka ile habari ya rivasi, hata soda alishamkaribisha. Mjomba alipotaja Gabrieli, Selina kainuka, kasema Jumatano gari lilikuwa zima na yeye aliliona, kaingia ndani. Soda ikabaki mezani. Gari kapewa Gabrieli.

Nimelia. Nampenda yule binti, na sijui kwa nini nikimpenda mtu nageuka mpumbavu.

Jumanne, 15 Julai

Selina kaja gerejini! Mwenyewe! Nikamwandalia kigoda, kakataa kukaa. Kasema hana neno na panya wala rivasi. Uongo ndio unamchosha. Enock yupo mpaka Alhamisi. Niende mwenyewe, bila mshenga, nimwambie ukweli kwa mdomo wangu, halafu tutaongea upya. Kasema anajua naweza. Alipoondoka alinitazama vizuri.

Hilo tu? Ukweli mtupu? Kesho asubuhi naenda! Nitasema yote, plagi, paka, zulia, Jumatano. Moyo umekuwa mwepesi ajabu.

Ila mtu huwezi kwenda kusema ukweli ukiwa mzima kabisa. Enock ana mikono mizito, na huruma kidogo haidhuru. Nimekwenda kwa jirani yangu mzee Christopher, nikampa shikamoo mbili, nimeazima magongo yake. Bandeji ninayo. Nitaanza kuchechemea kuanzia kona ya kwao.

Bado sijaamua ni mguu upi.