Kivuko Mlangoni Kwangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sijaona kitu kama hiki tangu nizaliwe. Nilikwenda mkutano wa wakazi, ukumbi wa shule, kupinga. Kupinga nini, nilikuwa bado sijaamua. Injinia wa barabara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, akatandaza mchoro mezani. Nikanywea. Barabara yetu! Ile ile inayonguruma mbele ya duka langu la magodoro tangu alfajiri, malori yakifukuzana, pikipiki zikipenya popote. Kwenye mchoro ina miti. Ina njia ya baiskeli, njia ya mabasi, na njia ya waenda kwa miguu pana kiasi cha watu watatu kutembea wakipiga soga. Halafu kivuko cha pundamilia kilichoinuliwa, kila gari linasimama. Nikauliza, hata lori? Akasema hata lori. Mwili ulinisisimka.

Mahali pa kivuko bado. Wanataka kwanza kuangalia watu wenyewe wanapenda kuvukia wapi, wapake rangi ya majaribio, ndipo wajenge. Nilirudi nyumbani nikielea. Kivuko mlangoni kwangu! Mtaa mzima utapita kwangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza magodoro ng'ambo, tunatazamana mlango kwa mlango, na biashara yenyewe kaniiga. Atakoma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mama amesikia habari. Anakaa na sisi, nyuma ya duka. Mdogo wake anakaa ng'ambo, karibu na duka la shemeji, nyumba yenye geti la bluu. Tangu pikipiki imwangushe Mama mwaka juzi, hajavuka. Kila asubuhi anatoka kibarazani, mama mdogo naye anatoka kwake, wanapigiana simu huku wakitazamana na kupungiana mkono. Leo nilimsikia akilalamika kwamba mdogo wake amekaa na nywele timutimu, vidole vinamuuma, hawezi kujisuka, na kwenye simu hakusukwi mtu.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, suala la kivuko liko mikononi mwangu. Akaniuliza kama ni mikono hii hii iliyotengeneza bomba la jikoni. Jikoni bado kuna ndoo ya kukinga maji.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango umekamilika! Nimeweka pipa la maji baridi mlangoni. Bure! Kufika saa nne watu wa ng'ambo walikuwa wanakatiza barabara kama wameitwa harusini. Injinia alisimama pembeni na kofia yake ngumu, anaandika. Nilimpelekea kikombe, nikamwambia watu wa hapa wamezoea kuvukia hapa hapa tangu enzi na enzi.

Saa sita shemeji naye kaweka pipa. Mwizi wa mawazo! Sasa watu wanakunywa kwangu, wanavuka, wanakunywa kwake, wanarudi. Injinia alifurahi sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mama aliona watu wanavuka, akadhani mambo tayari. Akachukua kitana na chupa ya mafuta ya nywele, akashuka barabarani. Mimi nilikuwa najaza pipa. Niligeuka, nikamwona katikati ya barabara, na lori linakuja.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimesimama mbele ya lori mikono nimeitanua, napiga kelele zisizo na maneno. Lori likasimama. Kila kitu kikasimama. Nikageuka kuangalia upande wa pili wa barabara, kumbe kuna mtu mwingine katanua mikono vile vile mbele ya basi. Shemeji. Tulitazamana. Kimya kilikuwa kikubwa, nikasikia ndege. Sikujua kama barabara yetu ina ndege.

Tulimrudisha Mama nyumbani, mmoja kila upande, hakufika kwa mdogo wake. Alilia kidogo, akasema ni mafuta yameingia machoni. Niliogopa. Naandika hapa tu: niliogopa sana. Mke wangu amemwaga pipa, kisha akavuka kwenda kumwaga la kaka yake, na kila mmoja wetu amepata maneno yake. Shemeji nimemwambia angeweza kutanua mikono zaidi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ushindi! Wamepaka rangi. Michirizi myeupe, mipana, kuanzia mlangoni kwangu kabisa. Tuta pande zote mbili, vyungu vya maua, koni. Magari yanapunguza mwendo yenyewe, kwa adabu, kama yanapita msibani. Nilikaa kitini kutwa nikishangaa.

Saa kumi nikafuata michirizi kwa macho hadi mwisho wake. Kivuko kina upande wa pili! Kinaishia mlangoni kwa shemeji! Wateja wangu wanatoka dukani kwangu, bei wameshaijua, wanatembea moja kwa moja hadi kwake kulinganisha. Nilimwuliza Injinia kama kinaweza kukunjwa kidogo. Akauliza kikunjwe kuelekea wapi. Nikasema popote.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimenunua kizibao cha kung'aa. Ajabu ya kizibao! Ukikivaa, watu wazima wanakutii. Wanaokuja upande wangu niliwaruhusu. Wanaokwenda kwa shemeji niliwaambia wasubiri. Walisubiri! Wakajaa mlangoni, wakajaa dukani, wawili wakalala kwenye godoro la maonyesho wakakoroma. Hakuna aliyenunua. Injinia amekichukua kizibao, kwa sauti ile ile ya kubembeleza.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo Mama amevuka.

Alikataa kushikwa. Alisimama ukingoni na kitana chake, akatoa mguu mmoja, na magari yakasimama. Yote! Lori la mchanga, mnyama mzima, likashusha pumzi na kutulia mbele ya mwanamke mdogo aliyevaa ndala. Hakuharakisha. Katikati alisimama kurekebisha ndala, na lori likamsubiri. Mama mdogo alikuwa getini, anapiga vigelegele, hajazima hata simu.

Nimemwona kutoka dukani akimsuka mdogo wake kibarazani, mchana kutwa, wote wawili wakiongea kwa mpigo. Mteja aliniuliza bei ya godoro la inchi sita nikamwonyesha kibaraza kwa kidole. Machozi yalikuwa yananitoka, nami sina mafuta ya kuyasingizia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepata wazo. Injinia anatafuta mahali pa kibanda cha kusubiria basi. Kirefu, kipana, kina ukuta imara nyuma, benchi linatazama barabara na maduka ya ng'ambo. Nimemwambia asihangaike. Mbele ya dirisha langu kubwa! Aliniuliza mara mbili kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia kufikiri ndiyo kazi yangu. Abiria watakaa pale wamenipa mgongo, benchi ni gumu, migongo itawauma, watakumbuka magodoro. Mke wangu ameficha uso kwa mikono, nadhani kwa fahari.

Shemeji alipopata habari alivuka mbio kuja kunipongeza. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. Hakupinga hata neno moja. Maskini, hatimaye amekubali kushindwa.