Breki Nyekundu za Mwalimu wa Udereva

Jumatatu, 2 Juni

Nimedanganya darasa zima. Na chai ya asubuhi ilikuwa haijapoa!

Nilikuwa nafundisha jinsi gari linavyosimama. Yule mwanafunzi mshonaji anayekaa mbele akanyoosha mkono, akauliza kama ni kweli Kobe nilimfundisha mimi. Kobe! Jina nililompa mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa sababu alikuwa anakanyaga breki hata akiona kivuli. Alifeli mtihani wa barabarani mpaka msimamizi akamzoea kama ndugu. Sasa mshonaji anasema Kobe ndiye moto wa kuotea mbali kwenye siku za wazi za uwanja wa mbio, zile ambazo watu wa kawaida hupeleka magari yao ya kwendea kazini wakayakimbiza bila kuogopa trafiki. Na kwamba humwambia kila mtu kuwa breki alifundishwa na mimi.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nikasema hata mimi naenda, Jumapili hii hii. Nikasema gari langu limeshaandaliwa.

Sina gari. Lililopo ni la mume wangu, na kazi yake kubwa ni kumpeleka mama mkwe kliniki ya goti.

Jioni nimemwambia mume wangu breki zinahitaji kushughulikiwa, kwa usalama wa mama. Kaguswa. Kasema hajawahi kuona mkwe wa namna hii. Kesho anasafiri kikazi, gari naachiwa mimi. Na mimi nimeshajiandikisha kwa Jumapili.

Jumatano, 4 Juni

Kwa fundi. Kasema gari kama hili halihitaji makuu. Mafuta ya breki ya zamani yatolewe yote, maana yameshanyonya maji na yakipata joto yanachemka, pedeli inazama. Yatiwe mapya ya kuhimili moto. Pedi nzuri za breki, diski zikaguliwe, basi.

Basi? Hayo yote hayaonekani! Nani atajua nimebadilisha mafuta? Mimi nataka kitu ambacho Kobe akikiona atameza mate. Nikachagua pedi ngumu za mashindano. Fundi akaonya kwamba hizo zikiwa baridi hazishiki. Nikamwambia zitapata moto, asijali. Na mafuta nitabadilisha mwenyewe nyumbani. Mimi ni mwalimu wa udereva, si mtu wa kuokota njiani. Akafuta mikono, akasema haya, mama.

Mchana nikapaka rangi kalipa, yale machuma yanayobana diski. Ukisimama pembeni unayaona kati ya nafasi za rimu. Nyekundu kama midomo ya bibi harusi! Brashi ya mume wangu ya viatu imefia kazini. Nimeificha nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 6 Juni

Aibu. Pedi za mashindano zikiwa baridi zinalia. Na si kilio cha kawaida, ni cha mbuzi aliyebanwa na mlango. Kila taa, kila kivuko. Watu waligeuka. Mama mkwe kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

Kwenye geti la kliniki nikakanyaga. Gari likafikiria kwanza. Tukalipita geti, tukampita mlinzi na mkono wake wa kutuelekeza, tukasimama mbele ya duka la miwani. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Mwanangu, tumefika au bado tunaendelea?"

Nikamwambia tumefika. Na ile kelele? Nikasema ni kifaa kipya cha usalama, kinawatahadharisha waenda kwa miguu. Akaamini! Nilipomfuata ndani nikamkuta anawasimulia wagonjwa wenzake jinsi mkwe wake alivyotia gari king'ora kwa ajili yake. Bibi mmoja akaniuliza kinauzwa wapi. Nikasoma bango la chanjo kwa makini mno, mpaka tulipoitwa.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya mafuta. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja ndani anakanyaga pedeli, mwingine chini anafungua skrubu gurudumuni, mafuta machafu na hewa vinatoka, anafunga, yule wa ndani anaachia. Na kila mara unaongeza mafuta mapya kwenye kikopo cha juu, chini ya boneti, kisije kikakauka na kuvuta hewa. Naijua kazi hii. Huwa naifundisha kwa mchoro!

Mtu wa pili alikuwa mama mkwe. Akakataa kwanza, goti. Nikamwambia tutatumia mguu mzima. Hajawahi kukaa kiti cha dereva maisha yake yote. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akauliza aangalie wapi. Nikamwambia mbele. Akaukazia macho ukuta wa jirani kama rubani.

"Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Achia!" "Nimeachia!" Magurudumu ya nyuma tukamaliza vizuri kabisa. Alikuwa anacheka. Mimi pia.

Kisha simu. Mshonaji kaandika kwenye kundi la darasa kwamba wote wanakuja uwanjani kunishangilia. Nikajibu. Nikapiga picha kalipa, nikatuma. Wakasifia. Nikajibu sifa, moja moja. Huku nyuma mama mkwe, mtiifu, anaendelea kukanyaga na kuachia, skrubu iko wazi. Niliporudi kwenye kikopo kilikuwa kikavu. Chupa ya mafuta nayo ilibaki na funda moja, nikalimimina, nikafunga skrubu.

Hewa imeingia. Pedeli imekuwa laini kama godoro. Ukiikanyaga harakaharaka inakuwa ngumu, ukiiacha inalala tena. Nimeamua nitakuwa nakanyaga mara mbili kila kona. Madereva wazoefu hukanyaga mara mbili.

La kuumiza zaidi: mafuta ya breki yamedondokea kalipa na kuila rangi yote! Imebanduka kama ganda la kitunguu. Nimekwenda mjini kununua rangi nyingine, nimepaka upya. Duka la vipuri liko mlango wa pili kutoka duka la rangi. Nimelipita bila kununua mafuta.

Mama mkwe anataka mume wangu aambiwe kwamba mama yake sasa ni fundi.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nikiwa kitandani. Mwili mzima. Roho ndiyo imechubuka.

Mkaguzi wa uwanja alikuwa anapita gari kwa gari, anakanyaga pedeli. Nikajifanya natafuta kitu kiti cha mbele, nikaikanyagakanyaga mpaka ikawa jiwe, nikatoka, akaingia. Akanipitisha. Wajanja tumebaki wachache, nikajisemea.

Kobe akaja. Ana ndevu siku hizi. "Shikamoo, Mwalimu," mbele ya rafiki zake wote. Akawaambia huyu ndiye. Kisha akaniomba aikanyage pedeli yangu mara moja tu, kwa kuwa humfanyia hivyo kila mgeni. Nikamjibu kwa sauti, "Kobe, mimi ndiye niliyekuonyesha pedeli iko wapi." Wakacheka. Yeye pia akacheka, akarudi nyuma. Wanafunzi wangu walikuwa kwenye uzio wameshika karatasi iliyoandikwa MWALIMU.

Mzunguko wa kwanza, shwari. Wa pili, kichwa kikavimba. Pedi zimepata moto, zinashika, nimempita mwenye kigari cha njano! Kobe yuko nyuma yangu, hanipiti, ananisindikiza. Mwisho wa ile sehemu ndefu nikakanyaga. Pedeli ikaenda sakafuni. Nikakanyaga tena. Sakafuni. Nilipotaka kukanyaga mara ya tatu, barabara ilikuwa imekwisha.

Changarawe. Vumbi. Ukuta wa matairi. Nilipogeuka nikaona Kobe ametupa gari lake upande wa pili ili asinigonge, na taa na bampa vyote vimekumbatia nguzo. Alitoka anakimbia, na hakulitazama gari lake hata kidogo. Alikuja kwangu, akaniuliza kama naweza kugeuza shingo.

Nikasema ni fundi. Ndivyo nilivyosema! Nikasema fundi hakutoa hewa. Kobe akawaka kwa niaba yangu, akaomba namba ya fundi, nami nikampa, tarakimu zote, bila kukosea. Wanafunzi wakafika. Nikawaambia wazingatie kwamba usukani sikuuachia.

Rafiki wa Kobe akatuvuta mpaka nyumbani. Mama mkwe akatoka, akaona boneti, akashika kifua. Kobe akamtuliza, akamwambia ni breki tu, fundi mzembe, ameshamtumia ujumbe mkali na kesho atamfuata gereji.

Mama mkwe akakaa kwenye ngazi. "Fundi hakugusa," akasema. "Aliyekanyaga ni mimi. Ni mguu wangu huu. Ningekuua, mwanangu." Akaanza kulia.

Nilitafuta pa kuficha uso, sikupaona. Nikasema si yeye. Nikasema kikopo kilikauka nikiwa kwenye simu, na nilijua, na mkaguzi nilimlaghai, na fundi hana kosa. Nilisema yote kwa pumzi moja kama anayetapika. Kobe hakunikemea. Aliangalia viatu vyake. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, wewe ulitufundisha pedeli ikiwa laini, hata ufunguo tusizungushe."

Akasogea pembeni kumpigia fundi na kumwomba radhi. Yeye! Radhi yangu mimi!

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda gereji kwa miguu. Fundi alinisomea ule ujumbe, taratibu, mbele ya wateja, kisha akaniuliza ni neno gani hasa nataka aanze kulisahau. Stahili yangu.

Mume wangu karudi. Kauliza kwanza kama mama yake alikuwemo garini Jumapili. Niliposema hapana, akanyoosha mkono. Nikaweka funguo. Akazitia mfukoni.

Jioni Kobe akaja na chupa ya mafuta, tukarudia kutoa hewa. Mama mkwe kiti cha dereva. Kobe chini. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia kikopo tu. Nzi alinitua puani na sikumfukuza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimebadilika. Leo nimelieleza darasa kila kitu, isipokuwa nilisema ni habari ya mwalimu wa shule nyingine. Mshonaji alinitazama kwa huruma. Wote walinitazama kwa huruma. Huruma hiyo, sikuweza kuivumilia!

Basi kinyozi, mwanafunzi mpya, akasema kundi lao la pikipiki linapanda milimani wiki ijayo, na linatafuta mwanamke mzoefu wa kuwaongoza wanaoanza. Akauliza kama tunamfahamu yeyote.

Nimesema pikipiki nimeendesha tangu utotoni. Nimesema nitatangulia mbele. Walipiga makofi. Ndugu yangu anayo moja, inakaa tu chini ya turubai.

Kesho asubuhi nitakwenda kuangalia inawashwaje.