Kofia Yangu na Kiti cha Bingwa

Jumatatu, 3 Juni
Fundi viatu kanila kete zote tena. Mwaka mzima anakalia kiti cha dirishani pale kwa kinyozi, kiti cha bingwa wa drafti. Leo kaniuliza kama nataka mto wa kukalia sakafuni. Mimi! Fundi simu niliyefungua simu za mabara yote! Fainali Jumamosi. Atanikoma.

Jumatano, 5 Juni
Urujuanimno! Mwanga usioonekana kwa macho. Shule niliiacha kabla hawajafika hapo, lakini vijitaa vyake vya LED ninavyo dukani, vya kukaushia gundi ya vioo vya simu. Mama mkwe, ambaye hajawahi kufungwa drafti, atakaa benchi la wateja, taa mkobani. Mimi kofiani nina kihisi cha mwanga huo, kimeungwa na kimota cha kutetemesha simu. Nagusa kete, yeye anamulika: mtetemo mmoja, sogeza, miwili, acha. Mama mkwe kauliza, mwanangu, kwa nini nisicheze mwenyewe? Nikamwambia asijichoshe, atuachie wataalamu.

Ijumaa, 7 Juni
Majaribio sebuleni. Kofia inatii! Ila taa ile ililiwasha shati langu jeupe bluu, mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Kesho navaa la kahawia. Mtaalamu hakosi dawa.

Jumamosi, 8 Juni
Mwanzo mtamu. Nagusa, natetemeshwa, nakula. Fundi viatu jasho! Mara kinyozi kafungua kisanduku chake cha kuulia vijidudu vya mashine za kunyolea. Kumbe nacho kina taa za ukoo uleule! Kofia ikatetemeka bila kupumua. Wakati ule nikajua ni Mama mkwe kapandwa na furaha. Nikasogeza kila nilichogusa. Alikohoa sana, nikadhani ni vumbi la nywele. Nikaliwa mpaka kete ya mwisho, kofia bado inanguruma. Fundi viatu kauliza kama nafuga nyuki. Kinyozi kanivua kofia, waya zikaning'inia. Aibu gani hii! Kicheko kilipoisha, fundi viatu kasema huyo anayekupa akili aje mezani. Mama mkwe kafunga mkoba, kaketi. Kammaliza kabla chai haijapoa.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kitini, dirishani, kama malkia. Mkoba nimembebea mimi. Fundi viatu yuko sakafuni. Nimempelekea mto, mimi sina kinyongo. Kiti kimeingia kwenye ukoo, raha tupu! Nimeona kosa lilipokuwa: tulikaa vibaya. Wiki ijayo kofia anavaa Mama mkwe. Taa nashika mimi, nimwelekeze.