Gauni la Megabiti Mia

"Sikieni hii!" Bi Gazeti, ambaye husoma magazeti yote kabla hajayauza, aligonga ukurasa kwa kidole, akiwa kwenye benchi nje ya duka la kinyozi. "Mtandao mpya usio na waya. Filamu nzima inashuka kwa sekunde nne!"

"Nne?" Kipara kinyozi alitoka dukani na mashine yake mkononi. "Mbona huu wangu wa dukani ukianza kushusha picha moja, mteja ananyolewa, anaondoka, anarudi nywele zimeota?"

"Lakini si ulituonyesha tangazo," alisema Betri, fundi simu mwenye meza pembeni ya benchi. "Kasi hadi megabiti mia, umbali hadi mita mia."

"Ndiyo. Hadi."

"Hadi!" Bi Gazeti alicheka mpaka magazeti yakamponyoka. "Basi na mimi nina umri hadi miaka kumi na minane."

"Na mimi urefu wangu hadi mita tatu," alisema Betri. "Kipara, andika ukutani: hapa mteja hunyolewa hadi kupendeza."

Walicheka wote isipokuwa Mzee Futi. Mshona nguo huyu, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akilala, leo hakuwa na hamu ya utani. Binti yake aliye nchi za mbali anaolewa keshokutwa, na gauni kalishona yeye, kwa vipimo vya kutajiwa kwenye simu, akalituma kwa parseli. Harusini hatakuwepo. Alichobakiza ni simu ya video ya dakika kumi, leo saa nne kamili, aone lilivyokaa, na kama lina kasoro amwambie fundi wa huko afumue wapi. Alikuwa na hofu kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Simu ikaita. Akaishika kwa mikono miwili.

"Baba, unaniona?"

Alimwona, na heri asingemwona. "Mungu wangu! Mimi nilikata kitambaa cheupe, hizo drafti zimetoka wapi? Na bega la kushoto mbona limehamia kiunoni?"

"Baba, ni jeu..." Picha ya binti ikaganda mdomo wazi, sauti ikakatika.

"Mwambie huyo fundi afumue ubavu wote wa kushoto! Wote!"

"Asifumue kitu!" Betri aliruka kutoka mezani. "Mzee, hizo si drafti, ni mtandao. Hapa tuko mbali na kile kisanduku cha mtandao cha Kipara, kule dukani."

"Mbali kiasi gani?" Mzee Futi alivua utepe, akaanza kupima kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye benchi, simu kwapani, akiruka miguu ya mteja aliyekuwa kitini. "Utepe mara tisa. Mita kumi na tatu na nusu! Kipara, si umeuziwa mia?"

"Mia za uwanja mtupu," alisema Betri. "Hapa ukuta unakula, vioo vya kinyozi vinakula, na haya matumbo yetu yaliyojaa maji nayo yanakula."

"Tumbo langu usiliingize!" alifoka Bi Gazeti.

Wakaliinua benchi, Mzee Futi akiwa juu yake, wakalitua mlangoni. Drafti zikapungua, lakini hazikuisha. Basi kwa kumhurumia rafiki yao kila mmoja akachomoa simu yake kupima kasi.

"Mimi napata mbili!"

"Mimi moja!"

"Mimi nusu! Ngoja nirudie."

Hata yule mteja, aliyenyolewa upande mmoja tu, alipima mara tatu. Kwenye simu ya Mzee Futi bibi harusi akageuka mraba mmoja mkubwa wenye shela. Mzee alikaribia kulia.

Betri akajipiga paji la uso. "Jamani, kila kipimo kinanyonya mtandao! Tunapima maji kwa kuyanywa! Zimeni simu, wote, twendeni upande wa pili wa barabara!"

Wakatimua mbio, Bi Gazeti mbele, mteja nyuma na kitambaa cha kinyozi kikimpepea mgongoni.

Ndipo picha ikatakata. Gauni jeupe pe. Binti akageuka mara moja, polepole, na ule mshono wa kushoto ukashuka umenyooka vilevile alivyoushona mezani kwake. Sare ya kwanza ya shule ya mtoto huyu aliishona yeye, ikampwaya mwaka mzima. Hili halikupwaya popote. Alitaka kumwambia hivyo, akabaki ameikodolea macho simu.

"Limekaaje?" walipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Baba?" Sauti ya binti ilisikika mpaka barabarani. "Baba, picha yako imeganda. Jamani, na dakika zimebaki mbili! Baba!"

Betri akavuka barabara kwa kunyata. Akaitazama simu, akamtazama mzee aliyekuwa akidondosha machozi kwenye utepe.

"Dada," alisema akiinamia simu, "mtandao haujawahi kuwa mzuri hivi. Aliyekwama ni baba yako."