Mbao Nne za Daraja la Quillarumi

Jumatatu, 3 Septemba

Kosa la watu wengi wanaoomba ruzuku ni kudhani kwamba mfadhili husoma. Hasomi. Hutazama. Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua: mtoto mwenye kidonda huhurumiwa kabla ya mwenye homa, kwa sababu kidonda kinaonekana.

Wakfu wa Bonde unatoa ruzuku kwa miradi ya vijiji. Sisi wa Quillarumi tunaomba daraja jipya. La sasa linayumba, mvua zinaanza Oktoba, na Targelia, mke wangu, hulivuka kila Alhamisi akiwa na jibini mgongoni. Mwaka jana walitukatalia. Eti daraja bado linapitika. Linapitika! Hata kamba ya kuanikia nguo inapitika, ukiwa panya.

Fomu inauliza idadi ya wanufaika. Tuko mia mbili na kumi. Nimeandika mia nne na sitini. Nimehesabu walioko Uhispania (hurudi Krismasi) na walioko makaburini (walilivuka sana walipokuwa hai). Mama Zoila Pilataxi, mwenyekiti wa kijiji, alitaka kusoma kabla ya kugonga mhuri. Akaniuliza kama marehemu mjomba wake Serafín naye ataitwa kutia sahihi, au nitampelekea fomu kulekule. Kisha akafuta. Kwa kalamu nyekundu! Mimi, mwalimu, nasahihishwa!

Jumatano, 5 Septemba

Mkaguzi wa Wakfu, Bibi Endara, anakuja Ijumaa. Nimemwambia Mama Zoila kwamba daraja halitishi vya kutosha. Amenijibu kwamba kama ninataka kitu cha kutisha, nisimame juu yake nikiwa nimevaa nguo za kulalia.

Nina mpango.

Alhamisi, 6 Septemba

Targelia amerudi sokoni salama. Saa kumi na moja jioni, kijiji kizima kikiwa kinakamua ng'ombe, nikashuka mtoni na koleo la kung'olea misumari. Nikatoa mbao nne za katikati. Siyo uharibifu. Ni kielelezo, kama vile mwalimu anavyopasua chungwa darasani. Nikaziba njia kwa matawi ya mkaratusi pande zote mbili, mtu asije akatumbukia. Misumari nikaipanga kwenye kopo pale ukingoni, mikubwa chini, midogo juu.

Lakini nilipolala kifudifudi kung'oa ubao wa nne, niliziona nguzo kwa chini. Zimefunikwa na majani ya mtoni, hakuna anayezitazama. Nikabonyeza. Kidole kiliingia mpaka pingili ya pili, kama kwenye jibini laini.

Leo asubuhi mke wangu amepita hapo juu.

Inabidi niseme. Nitasemaje? Wataniuliza nilikuwa nafanya nini chini ya daraja.

Ijumaa, 7 Septemba

Alfajiri, baragumu. Minga, kazi ya kijiji kizima!

Jambo hili mtu aliyezaliwa hapa hapaswi kulisahau. Baragumu la minga likilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja na chombo kimoja. Haiulizwi nani kaharibu. Kilichoharibika kinatengenezwa kwanza, maneno baadaye. Nimeishi hapa miaka sabini na mmoja. Nikasahau.

Kufikia saa mbili daraja lilikuwa na mbao sita mpya, mbili zaidi ya nilizong'oa, kamba za kushikia zimekazwa, na Mama Zoila ameipaka chokaa ngazi ya kupandia darajani. Mimi nilipewa mbao nzito kuliko zote, tena kwa heshima kubwa: "Mwalimu atangulie! Mwalimu ndiye mwenye mradi!"

Bibi Endara alifika saa tatu, wakati wa viazi na mahindi ya kuchemsha. Akasimama katikati ya daraja akarukaruka mara tatu. Nilifumba macho. Akasema hajawahi kuona kijiji kinachohitaji msaada kidogo kama hiki. Watu wakapiga makofi. Maskini, walidhani wanasifiwa.

Akafunga daftari. Targelia akamwambia aje ng'ambo akaonje jibini, akamshika mkono, wakaanza kuvuka pamoja. Wanawake wawili wazito, na kapu.

Nikapiga kelele kwamba nguzo zimeoza.

Mama Zoila akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimezishika. Lini? Jana. Kwa nini? Hapo nikavua kofia, nikaeleza yote, mpaka kielelezo cha chungwa.

Wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Mama Zoila akasema walijua tangu alfajiri. Waliliona kopo. "Mhuni gani huyo, Mwalimu, anayepanga misumari kwa ukubwa?"

Bibi Endara hakucheka. Alilala kifudifudi na suti yake safi, akabonyeza. Alipoinuka rangi ilikuwa imemtoka. Akasema hakuna kuvuka tena hapo, na barua mpya imfikie Jumatatu, ukurasa mmoja, bila mapambo.

Targelia hakunisemesha mpaka wakati wa kuzima taa. Ndipo akasema kwamba mimi ni punda, ila punda aliyelia kwa wakati.

Jumapili, 9 Septemba

Niliandika kurasa tano. Mama Zoila alizitumia kuwashia jiko. Barua yake imebaki hivi: "Nguzo zimeoza. Njooni mbonyeze. Mikono ya kazi tunayo." Haina hata utangulizi. Nimeona haya kwa niaba yake.

Alhamisi, 20 Septemba

Tumekubaliwa! Nguzo za chuma na saruji zinaletwa wiki ijayo, kabla ya mvua. Kazi ni yetu, kwa minga. Hadi hapo Targelia anazunguka kwa njia ya mlimani, saa nzima zaidi, nami nambebea jibini. Ni zito. Sikujua.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimetafakari sana, na somo nimelipata. Kosa langu lilikuwa saa. Mbao hazitolewi jioni, kwa maana unakiachia kijiji nafasi ya kupuliza baragumu. Hutolewa asubuhi ileile, mkaguzi akiwa tayari yuko njiani.

Wakfu umetangaza ruzuku nyingine, ya mapaa ya kumbi za vijiji. Paa letu limechoka, lakini kwa mtu aliye chini halionekani kuchoka. Bibi Endara atapita kesho saa tatu.

La kufanya leo: kuazima ngazi kanisani.