Winchi na Vidonge vya Kulegeza Misuli

Habari iliingia kijiweni kupitia simu ya Gugo, kama zinavyoingia habari zote pale: nusu imesomwa, nusu imetiwa chumvi.

"Sikieni hii," alisema, kidole juu ili asikatizwe. "Dereva wa bodaboda njia ya Lamadi kameza vidonge vya kulegeza misuli, eti mgongo unambana. Kafika kituo cha mafuta, kakaa juu ya pikipiki akisubiri zamu yake, kalala. Wakamsukuma, kimya. Wakampepea, kimya. Wakamlaza chini, wakamfunika kitenge, kina mama wakaanza kulia. Jamaa akaamka, akakuta msiba umekolea, na yeye akaanza kulia. Ndipo akauliza, 'Jamani, nani katutoka?'"

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Mboje, muuza kahawa, alimwaga kikombe kizima na wala hakujali.

Benchi hilo liko mkabala na geti la kiwanda cha kuchambulia pamba, Bariadi mjini. Msimu ukifika, nyuzi za pamba zinapeperuka na kunasa kwenye masharubu ya watu na kwenye kahawa ya Mboje, na hakuna anayelalamika. Gugo ni Nathanael, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hujibu kila swali, hata lisiloulizwa. Pembeni yake hukaa Mzee Mahona, Bwana Mifugo mstaafu, aliyetibu ng'ombe wa nusu ya wilaya na hajawahi kukubali kwamba binadamu ni mnyama tofauti. Wa tatu ni Kashindye, ambaye mji mzima unamwita Winchi. Ndiye kiongozi wa wapakiaji wa robota za pamba pale kiwandani, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Asubuhi hiyo Winchi peke yake hakucheka. Mdomo ulikuwa mkavu kama amelamba majivu, na maneno ya watu yalimfikia yamechelewa, kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Winchi, mbona hucheki?" Mboje aliuliza.

"Nacheka. Nacheka kwa ndani."

"Huyo dereva mzembe tu," alisema Bwana Mifugo. "Dawa inapimwa kwa kilo. Mimi ng'ombe wa kilo mia tatu nilikuwa namtazama tu, najua."

"Mzee, dereva hana kwato," Gugo alisema.

"Ana mgongo! Mgongo ni mgongo. Mtazameni Winchi. Jumamosi kanyanyua robota peke yake, mgongo ukagoma. Nikampa vidonge vyangu. Leo siku ya tatu. Mmemwona amelala huyu?"

Wote wakageuka kumtazama Winchi.

Winchi alikuwa amelala.

"Ngosha!" Bwana Mifugo alimpiga gotini. "Mwanamume!"

"Nipo," Winchi alishtuka. "Nilikuwa natafakari."

"Unatafakari kwa kukoroma?" Mboje aliuliza.

"Ngoja kwanza," Gugo alisema, uso umebadilika. "Mzee, na wewe ulimpa? Mbona mimi ndiye niliyemwelekeza vile vya mchanganyiko, akanunua kwa jamaa mmoja mnadani?"

"Vyako anameza saa ngapi?"

"Asubuhi na mchana."

"Na vyangu asubuhi na mchana!"

Mboje alikohoa, akaanza kufuta birika ambalo lilikuwa safi. "Mimi nilimpa kimoja tu cha jioni. Cha mama mkwe wangu. Kidogo hivi, kama punje ya uwele."

Kumbe mgongo mmoja ulikuwa unatibiwa na hospitali tatu, na hakuna iliyokuwa na habari ya nyingine. Winchi alijua, lakini hakusema, kwa sababu kila mmoja alimpa kwa moyo mweupe na aliona aibu kukataa. Kulikuwa na jambo lingine, lililomfanya atoke nyumbani bila kunywa uji na bila kumtazama mkewe Apolonia usoni.

"Jamani," alisema. "Leo asubuhi nimekojoa rangi ya chungwa."

Mboje akaweka birika chini.

"Chungwa bichi au bivu?" Bwana Mifugo aliuliza, kitaalamu.

"Bivu, mzee. Limeiva hadi linaelekea kwenye wekundu."

"Yaya!" Mzee alishika kichwa. "Ng'ombe akikojoa hivyo, ni kupe. Inua shati."

"Mzee, mimi..."

"Inua shati, ngosha!"

Akainua. Bwana Mifugo akamkagua kwapa la kulia, Mboje la kushoto, nao kina mama wawili waliokuwa wakipita na ndoo zao wakavuka barabara kwenda upande wa pili. Kupe hakuonekana. Gugo wakati huo alikuwa akipekua simu kwa kasi ya mtu anayezima moto.

"Hapa kuna kichocho. Uliogelea bwawani?"

"Mimi na maji ya bwawa wapi na wapi?"

"Kuna ini. Kuna figo. Ulikula bitiruti?"

"Nilikula ugali na dagaa!"

"Basi ni figo." Gugo alisogeza simu karibu na macho. "Wanasema figo zikishafika hapo, mgonjwa hubakiwa na..."

"Na nini?"

"Na..."

"Siku ngapi, Gugo?"

"Bando limekata."

Winchi aliwaza Apolonia atakavyoambiwa, na nani atamwambia, maana hawa watatu wakitumwa watafika na habari nne. Akawaza pia yale aliyowaambia Jumamosi. Mtu hawezi kwenda kaburini na jambo kama lile mfukoni.

"Kama nakufa, nisife na uongo," alisema. "Sikunyanyua robota."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nimeinama natafuta kandambili uvunguni. Nikapiga chafya."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walijitahidi, kwa heshima ya mtu anayekufa. Mboje alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Bwana Mifugo alitazama juu, akihesabu nyuzi za pamba angani.

"Lakini ulituambia kilo mia na themanini!" Gugo alisema kwa uchungu wa mtu aliyetapeliwa.

"Chafya nayo ilikuwa kubwa."

Hapo hata mzee hakuweza tena. Walicheka wakashikana mabega, na Winchi mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka, asijue ni ya kicheko au ya kuaga.

Ndivyo Matilda alivyowakuta. Matilda ni mtaalamu wa dawa katika duka la jirani, na kila asubuhi huja na kikombe chake cha bati kuchukua kahawa.

"Mwangaluka," alisalimia. "Leo kuna sherehe gani?"

"Mwangaluka, mayu, mama yangu," Bwana Mifugo alijibu. "Winchi anakufa."

Alipoelezwa, Matilda aliweka kikombe chini na kunyoosha kiganja. "Toeni vidonge."

"Vya Winchi?"

"Vya kila mtu."

Mifuko ikaanza kufunguka: karatasi ya Winchi, bahasha ya mzee, kichupa cha Mboje, na Gugo, ambaye hakuwa amesema lolote kuhusu yeye mwenyewe, akatoa pakiti nzima. "Shingo," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa kuinamia simu."

Matilda akavipanga juu ya benchi. "Hivi vya mnadani vimechanganywa: dawa ya maumivu, na klorzoksazoni ya kulegeza misuli. Hiyo ya pili inaweza kugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa, na rangi yenyewe haina madhara. Kwa hiyo Winchi, kwa rangi hiyo hufi."

Winchi alinyoosha mkono kuomba kahawa.

"Usifurahi bado. Dawa hiyohiyo inaweza kuumiza ini, kwa hiyo utapimwa. Macho yakigeuka manjano, usije hapa kijiweni, kimbia hospitali. Mboje, hiki chako ni diazepamu. Inalegeza misuli, inalaza, na mtu akiizoea haachani nayo kirahisi. Haiuzwi bila cheti cha daktari, wala haigawiwi pamoja na kahawa. Dawa hizi, kila moja inaleta usingizi na kizunguzungu. Mtu akizimeza pamoja, anaweza kulala akasahau kupumua. Winchi, jana ulikunywa nini?"

"Mbili tu."

"Mbili za nini?"

"Bia. Daktari alisema ninywe vimiminika vingi."

"Daktari gani?"

Winchi akamwonyesha Gugo kwa kidevu. Gugo akawa na shughuli na kamba za viatu vyake.

Matilda aliifungua bahasha ya mzee, akakunja uso. "Na hii ni baklofeni. Hupewa mtu ambaye misuli imekakamaa, kama aliyepigwa kiharusi. Mzee, umeipata wapi?"

"Kwa dada yangu, Nyashimo, njia ya Lamadi. Alipigwa kiharusi mwaka jana. Nilipokwenda kumsalimia nikaona anavyo vingi, nikachukua kidogo."

"Vingi hivyo ni vya mwezi wake. Anayekunywa hii kila siku hatakiwi kuikosa ghafla, mzee wangu. Anaweza kupata degedege."

Bwana Mifugo aliacha kutabasamu. Alivikusanya vile vidonge kimoja kimoja, akavihesabu, akavihesabu tena. "Nilidhani ni vya ziada," alisema. "Miaka yote hiyo ninawafokea wafugaji wasikatishe dozi ya ng'ombe." Akasimama, akavaa kofia. "Magari ya Lamadi bado yapo?"

"Yapo, mzee," Mboje alisema. "Kimbia."

Akaondoka nusu mbio, jambo ambalo kijiwe hakikuwahi kuliona.

"Sasa ninyi," Matilda aligeukia waliobaki. "Hebu niambieni ukweli. Dawa ya kulegeza misuli mnaitakia nini? Mnakaa hapa kuanzia kahawa ya kwanza hadi birika linakauka. Misuli yenu ikilegea zaidi ya hapo, mtamwagika."

Kabla hawajajibu, geti la kiwanda lilifunguka. Januarius, msimamizi wa upakiaji, alitoka akipiga makofi.

"Winchi! Lori la Mwanza limefika. Panda juu tuanze."

Winchi alisimama. Ardhi ikainama upande mmoja, ikarudi, ikainama upande wa pili. Aliona lori kule ndani na akajiona yeye juu yake, akipokea robota zikipanda kutoka chini, kama alivyofanya misimu kumi na tisa bila kukosa siku hata moja. Watu walimjua kwa hilo. Ukimwondolea hilo, anabaki Kashindye aliyeshindwa na chafya.

"Winchi," Matilda alisema taratibu, "ukipanda leo, hutashuka kwa ngazi."

Ilikuwa rahisi sana kwenda. Miguu yenyewe ilishaanza.

"Bosi," alisema mwishowe, "leo siwezi. Mgongo umegoma na nimelewa vidonge. Na ile robota ya Jumamosi haikuwepo."

Alingoja Januarius aseme kazi imesimama. Alingoja aombwe, abembelezwe, aulizwe bila wewe tutafanyaje.

"Aa, pole sana," Januarius alisema. "Nenda katibiwe. Ndaki! Panda wewe."

Basi. Ndaki, mwanamume mrefu wa Lalago mwenye msimu mmoja tu kazini, akapanda juu kama anapanda kitandani kwake. Gugo alisema ataita pikipiki ya kumpeleka Winchi hospitali, Winchi akakaa benchini kuisubiri, lakini Gugo hakuwa na haraka, na macho ya wote yalikuwa getini. Robota zikapanda. Ndaki akazipokea na kuzipanga, hakupiga kelele hata moja, wala hakusimamisha kazi kuwaeleza wenzake jinsi robota zilivyokuwa nzito enzi zile. Turubai likafungwa. Lori likanguruma, likatoka getini, likapita mbele ya kijiwe na kuwapiga vumbi na pamba.

Mboje alitazama saa yake. Akaitikisa, akaisikiliza, akaitazama tena.

"Saa tano kasoro," alisema. "Siku zote si huwa linatoka saa saba?"

Gugo alimgeukia Winchi polepole.

"Ngosha," alisema. "Kumbe miaka yote hii, wewe ndiye uliyekuwa unachelewesha gari?"

Winchi akafungua mdomo kujibu, akaanza kucheka. Mgongo ukambana palepale, akajikunja juu ya benchi akilia "mayu wee", na Gugo na Mboje wakaruka kumsaidia, mikono mitupu, kila mmoja akimwapia Matilda kwamba hana kidonge.